Chicharito: mabao 52 yana uzito gani?

Javier Hernández, Chicharito, ndiye mfungaji bora wa muda wote wa Mexico: mabao 52 katika mechi 109. Rekodi ya Jared Borgetti ya mabao 46 aliivunja mwaka 2017. Lakini mjadala wa straika bora wa Mexico ukianza, jina la kwanza ni Hugo Sánchez, aliyeifungia timu ya taifa 29 tu.

Wanaomshusha Chicharito wana hoja. Sánchez alikuwa mfungaji bora wa La Liga, ligi kuu ya Hispania, mara tano, na msimu wa 1989-90 alitupia 38. Chicharito hajawahi kuongoza chati ya mabao katika ligi yoyote kubwa ya Ulaya. Tena idadi yake ya taifa imenona kwa wapinzani wa Concacaf, yaani kanda ya Amerika Kaskazini, Kati na Karibea. Kombe la Dhahabu la kanda hiyo la 2011 pekee alifunga saba.

Hesabu hiyo hugeuka ukifika Kombe la Dunia. Sánchez alikwenda michuano hiyo mara tatu akapata bao moja, dhidi ya Ubelgiji 1986. Chicharito naye mara tatu, ila ana manne: Ufaransa na Argentina 2010, Croatia 2014, Korea Kusini 2018.

Bao la Ufaransa, pale Polokwane, linamweleza vizuri zaidi. Ametoka benchi, dakika ya 64 amejipanga sambamba na mabeki. Hakimbilii mpira, anamtazama mwenzake Rafael Márquez, mpigaji pasi. Pasi inapoondoka mguuni ndipo anachomoka. Angewahi nusu sekunde, kibendera cha kuotea kingepanda. Angechelewa, beki angemziba. Anamzunguka kipa Hugo Lloris, anasukumia nyavuni.

Ufundi huo una gharama, kwa kuwa unamtegemea mpigaji pasi. Hakuwa mtu wa kupokea mpira mrefu akiwa ameipa goli mgongo, akahimili beki mpaka viungo wafike. Manchester United ya 2010-11 ilikuwa na Giggs na Rooney wa kumwona, akamaliza na mabao 20 mashindano yote. Bayer Leverkusen, iliyokaba juu na kupora mpira karibu na boksi, ilipata 26 kutoka kwake msimu wa 2015-16. West Ham, chini ya kocha Slaven Bilić, kuna mechi alipangwa winga ya kushoto. Huko anakimbia kumfuata beki wa pembeni, na krosi ikija yuko mita 25 kutoka golini. Hilo lilikuwa kosa la benchi la ufundi kuliko lake.

Sifa ya straika wa kuingia kipindi cha pili wengi huisema kama kejeli. Sioni kwa nini. Novemba 2012 United ilikuwa nyuma 2-0 kwa Aston Villa. Akaingia baada ya mapumziko, akafunga mara mbili, wakashinda 3-2. Sánchez aanze, sawa. Dakika ya 60, mabeki wakishaanza kusahau kugeuza shingo, huyu ndiye wa kuingizwa.