Nilivyoangushwa na Bata wa Plastiki

Najua wengi wenu mmeshaiona ile video. Aliyeirusha ni mtu niliyekuwa namwita rafiki, na yale maneno aliyoandika chini yake, "mwindaji awindwa na mbwa wake", ni uzushi mtupu. Kamanda, mbwa wangu, alifanya kila kitu nilichomfundisha, na balaa ndipo lilipoanzia. Nguo bado zinachuruzika kwenye kamba, acheni niseme upande wangu.

Kwa wageni humu: ukiwinda bata, unatandaza bata bandia majini ili walio hai wakipita juu wadhani chini kuna usalama, washuke. Mbwa anatakiwa atulie tuli. Bata akipigwa akaanguka, apite katikati ya wale wa plastiki bila kuwagusa, amlete huyo mmoja. Mafunzo huanzia nchi kavu. Unawamwaga kwenye nyasi, unampitisha mbwa akiwa na mkanda, akimnusa mmoja unamwambia "acha!", kisha unamrushia kidoli cha turubai akilete, kwanza pembeni yao, baadaye nyuma yao, mwisho katikati yao kabisa. Kamanda alifaulu yote. Nikatamba humu wiki nzima, msijifanye mmesahau.

Sasa, kwenye nyasi bata wa plastiki hatikisiki. Majini anayumba, anageuka, upepo ukipita anakutazama. Kamanda alipoona wamefufuka, akaniangalia, akawaangalia, akaniangalia tena.

Nilisimama kwenye maji ya magoti, ndani ya lile suruali la mpira linalofika kifuani. Bata wote walikuwa wamefungwa kwenye kamba moja ndefu, nanga huku, nanga kule. Rafiki yuko ng'ambo na vidoli. Kwamba ana simu mkononi, hilo sikuambiwa.

Akarusha. "Leta!" Kamanda akakata maji vizuri, akafika kwa bata wa kwanza, akamnyaka shingo. "Acha! Acha!" Wapi! Akageuza kurudi, na ukoo mzima wa plastiki ukageuka naye, mmoja nyuma ya mwingine.

Nikapuliza filimbi ya kumwita. Akaja. Na mimi ndiye niliyemzoesha, kwa vipande vya nyama, kwamba akifika azunguke nyuma yangu akae kushoto. Basi akazunguka. Kamba nayo ikazunguka, nyuma ya magoti yangu, taratibu kabisa. Akaketi, maji shingoni, bata mdomoni, akingoja sifa. (Ndiyo, nilimsifu. Kwenye video mnasikia.)

Ndipo yule bwana, eti kusaidia, akarusha kidoli cha pili. Chubwi!

Hapa twendeni polepole. Kamanda akachomoka bila amri, bata bado mdomoni. Nikasikia kamba inakaza. Bata mmoja akanigonga paja, mwingine akafuata. Nikafungua mdomo niseme "acha", ikatoka "aa". Magoti yakaenda mbele na Kamanda, mimi nikabaki. Nikaiona mbingu yote. Na wallahi, bata halisi walikuwa wanapita juu, kundi zima, wakatazama chini, wakakunja kona. Kisha maji yakaingia kifuani, yakateremka tumboni, yakashuka miguuni bila haraka yoyote, na lile suruali likajaa pomoni nikiwa nimelala chali katikati ya familia ya plastiki.

Kisu kikatoka, kamba ikakatwa. Kamanda alihudumiwa kwanza, mimi baadaye. Mbwa mzima, mimi mzima, simu kwa bahati mbaya nzima pia.

Kofia yangu ilikuwa inaelea mbali, nyuma ya bata waliobaki. Kamanda akaifuata bila kutumwa, akapita katikati yao bila kumgusa hata mmoja, akaichukua kwa adabu zote, akaenda kumkabidhi rafiki.

Hicho kipande video yake haina.