Ndoo za vyura Ujerumani na dimbwi letu la Ifakara

Mwezi Machi, jioni ya mvua inapofika nyuzi 5 hivi za joto, vyura wa huku Ujerumani hutoka chini ya majani makavu ya msituni walikojificha majira yote ya baridi, wakaanza safari ya kurudi kwenye dimbwi walikozaliwa. Kwa kuwa barabara za lami zimezikata njia zao, wenyeji wanaojitolea huweka uzio mfupi wa plastiki kando ya barabara, hufukia ndoo ardhini, na asubuhi huwavusha waliotumbukia huku wakiwahesabu mmoja mmoja. Nimeifanya kazi hiyo karibu na milima ya Eifel kwa miaka mitatu. Mara nyingi jike hutolewa ndooni akiwa amembeba dume mgongoni. Dume aliye peke yake ukimshika hulia kwa sauti nyembamba, na ndivyo anavyomwambia dume mwenzake aliyemkumbatia kimakosa kwamba amwachie.

Huku pia nimemwona salamanda, mnyama mweusi mwenye mabaka ya manjano, jamaa ya vyura ambaye kwetu hayupo kabisa. Sasa anaangamizwa na kuvu inayokula ngozi yake, iliyotoka Asia, kwa hiyo tunasafisha viatu kwa dawa kabla ya kuhamia kijito kingine.

Sisi tuliokulia Ifakara, chura tulimjua kwa makelele ya masika na kwa methali kwamba kelele zake hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Tulimrushia mawe, na hakuna mkubwa aliyetukemea. Hata chura wa Kihansi, yule mdogo wa manjano anayezaa watoto kamili bila kupitia hatua ya kiluwiluwi, aligunduliwa mwaka 1996 tu, wakati mradi wa umeme uliokuja kuyapunguza maji ya maporomoko yake ulikuwa umekwisha kuanza. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walisafirishwa hadi Marekani ili kizazi kisipotee, na ilipofika 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Walianza kurudishwa mwaka 2012.

Naona fahari kwamba walirudishwa. Hata hivyo, naamini chura wa kawaida wa mashamba ya mpunga naye anastahili kutunzwa angali tele, kwa kuwa Wajerumani ninaobeba nao ndoo wanahangaikia wachache waliobaki.

Mwaka jana dimbwi lililokuwa nyuma ya nyumba yetu lilijazwa kifusi ili kipatikane kiwanja. Mama aliponipigia simu usiku wa masika, nilisikia mvua ikipiga bati, lakini sikusikia chura hata mmoja.