Muulize muuza mkaa kabla ya kufungua ramani

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kutoka Dar es Salaam kwa baiskeli ni suala la kuchagua barabara moja kati ya zile kubwa: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere au Kilwa. Unaamka mapema, unabana kushoto, unamwomba Mungu. Asubuhi moja karibu na Tegeta lori la mchanga lilinipita kwa kunibana mpaka nikaishia mtaroni. Sikuvunjika. Nikiwa bado nimekaa chini napangusa viwiko, alipita muuza samaki mwenye tenga kwenye karia. Alinipa pole, akaenda hatua chache, kisha akakata kushoto kwenye uchochoro kati ya duka na ukuta, akapotea. Hakuwa na shida na ile lami. Alikuwa na njia yake.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja: anayejua njia tulivu za mji huu ni yule anayekula kwa baiskeli. Muuza mkaa, muuza samaki, mchuuzi wa nazi na machungwa. Sisi tunaoendesha Jumapili kwa ajili ya afya tunatafuta kwenye simu kitu ambacho watu hawa wanakipita kila alfajiri na magunia mgongoni mwa baiskeli. Ramani ya simu inakuonyesha barabara fupi au pana. Haikuambii mahali mchanga unapomeza tairi, wala mahali malori yanapojipanga saa kumi na moja.

Muuza mkaa niliyejifunza kwake zaidi nilimkuta njia ya Kisarawe, amepumzika chini ya mkorosho, baiskeli yake imeegeshwa kwa gongo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umepotea?"

Nikamwambia sijapotea, natafuta pa kurudia mjini bila kupita Gongo la Mboto kwenye magari. Akachukua kijiti, akanichorea mavumbini. Lori, akasema, linafuata mahali kokoto na mchanga wa kujengea vinapokwenda. Ukijua machimbo yako wapi na nyumba zinajengwa wapi, umeshajua barabara za kuziepuka. Halafu akaninyooshea kidole nguzo kubwa za umeme: chini yake miti hukatwa, na palipokatwa miti watu hutengeneza njia. Nilizifuata. Kwa karibu saa nzima nilisikia kuku, watoto na mnyororo wangu tu.

Upande wa Pugu na Kisarawe una vilima, na una kivuli cha msitu wa Kazimzumbwi. Ni safari inayotaka miguu yenye nguvu. Siku hizi reli ya kisasa, SGR, imepita huko na uzio wake, kwa hiyo ni lazima ujue vivuko viko wapi, la sivyo utaisukuma baiskeli kandokando ya waya mpaka uchoke.

Lakini ukiniuliza pa kuanzia, nitakuambia Kigamboni, na nitakuambia upite kwenye kivuko, usipite darajani. Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016 limerahisisha mengi, ila magari nayo yamerahisishiwa. Kivuko cha Magogoni kinakupa zawadi: kinashusha magari yote kwa mkupuo, kisha kimya. Subiri pembeni dakika chache, nunua chai na andazi, waache wenye haraka watangulie, kisha barabara ya pwani ni yako mpaka kundi la kivuko kinachofuata. Ukifika Mjimwema usikate kulia kuelekea Kibada. Huko ndiko malori ya mafuta yanakoelekea Kongowe. Endelea Gezaulole. Jina hilo ni la Kizaramo, maana yake jaribu uone, na sijui jina linalomfaa zaidi mwendesha baiskeli. Mbele kuna minazi, nyumba zinaachana, na mwenye pumzi anaweza kuendelea mpaka Kimbiji.

Angalia upepo kabla ya kuondoka. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, kwenda Kimbiji ni kupigana na upepo usoni, lakini utarudi umesukumwa mgongoni ukiwa umechoka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, mambo hugeuka: unakwenda kama unaruka, kisha unarudi na jua la saa tano na upepo kifuani. Kaskazi ndiyo imewakatisha tamaa wengi niliowapeleka. Na mchanga wa vichochoroni upite siku moja baada ya mvua, ukiwa umeshikana.

Kinachonisumbua ni kwamba njia hizi zinakufa na hakuna anayezihesabu. Sensa ya 2022 ilikuta mkoa huu una watu zaidi ya milioni 5.3, na watu hao wanahitaji viwanja. Sipingi hilo. Ila kiwanja kinapopimwa na ukuta kujengwa, njia ya mguu iliyokuwepo tangu enzi za mashamba inafungwa bila mtu kuuliza nani aliitumia. Muuza mkaa anarudi kwenye lami, pamoja na malori. Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi iliwekewa nafasi ya baiskeli pembeni, na hilo lilikuwa jema; lakini huku Kisarawe na Kigamboni nafasi hiyo tayari ipo, haihitaji saruji. Inahitaji mpimaji anayeshuka kwenye gari, akaona alama za tairi kwenye mchanga, akaacha mita mbili kati ya kiwanja na kiwanja.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye zile nguzo. Njia bado ipo, isipokuwa sehemu moja ambapo pamewekwa vigingi vyeupe vya mipaka. Alama za baiskeli zilikuwa zimepita katikati yake, mbichi, za asubuhi ile ile.