Siku Niliyomfungia Mke Wangu kwa Kufuli

Nimekuwa kapera miaka tisa, nyumba hiihii. Miaka tisa ya kulala katikati ya kitanda, ya taulo moja na kikombe kimoja kilichovunjika mkono, ya kubishana na redio bila mtu wa kunishangaa. Lakini katika yote niliyoyazoea, lililonikaa mwilini kabisa ni la asubuhi: natoka, navuta mlango, napitisha kufuli kwenye komeo, ka!, nalitingisha mara mbili, ufunguo mfukoni, huyoo. Mikono ilifanya yenyewe. Akili ilikuwa bado imelala, ingenikuta kazini baadaye.

Kisha nikaoa.

Wiki ya kwanza haikuwa na neno, maana sote tulikuwa likizo, tukitoka pamoja na kurudi pamoja kama jozi ya viatu. Tuligombana kidogo juu ya dawa ya meno (mimi naiminya tumboni, yeye anaanzia mkiani) na juu ya nani amelivuta blanketi lote. Hapo sikai, kila mwenye ndoa anayajua.

Jumapili iliyofuata mke wangu akaamua kupanga nyumba. Kupanga kwake ni kuhamisha. Kila kitu kilichokuwa kimekaa mahali pake miaka tisa kilichukuliwa kikapelekwa "mahali pake". Mkasi ukatoweka. Kiberiti kikatoweka. Ufunguo wa akiba, uliokuwa ukining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango tangu nihamie, nao ukapelekwa mahali salama. Nikauliza ni wapi.

"Usijali, najua nilipouweka."

Ishikeni sentensi hiyo, tutaihitaji.

Jumatatu ikawa siku yangu ya kurudi kazini. Yeye alikuwa amebakiwa na siku mbili za likizo. Niliamka alfajiri, nikavaa gizani nisimwamshe, nikanyata viatu mkononi, nikauvuta mlango polepole usije ukalia. Nauliza, mume gani tena anataka huruma kuliko hiyo? Halafu mikono ikafanya kazi yake. Kufuli, ka! Nikalitingisha mara mbili.

Nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Kazini tukaingia kikaoni. Bosi wetu hataki kusikia simu ikilia, kwa hiyo yangu niliinyamazisha, nikailaza kifudifudi mezani. Haikupita muda ikaanza kutetema. Nikaichungulia: mke wangu. Mwenzangu wa pembeni akanikonyeza, "Bwana harusi, unatafutwa." Nikatabasamu, nikailaza tena. Ikatetema tena. Na tena. Kila inapotetema ndivyo kichwa kinavyozidi kunivimba. Nilimnong'oneza yule mwenzangu, ambaye naye bado hajaoa, kwamba hajui anachokikosa.

Kikao kilikwisha saa tano. Simu ambazo sikupokea zilikuwa 23. Jumbe zilikuwa 9, nami nikazisoma kwa mfuatano wake:

"Mpenzi, mlango umekwama?"

"Mpenzi, nadhani umefunga kwa nje."

"Umefunga kwa nje."

"Pokea simu."

"Mama yuko njiani."

"Mama amefika."

"Yuko dirishani."

"Anauliza."

Wa tisa ulikuwa jina langu tu. Yote matatu, kama yalivyoandikwa kwenye cheti cha ndoa, na nukta mwishoni.

Nikaenda kwa bosi kuomba ruhusa, nikasema kuna dharura nyumbani.

"Nani anaumwa?"

"Bado hakuna."

Yaliyotokea huko nyumbani nilikuja kusimuliwa baadaye, na kila jirani ana toleo lake. Wanachokubaliana ni kwamba mama mkwe alikuja asubuhi kuona binti yake anaendeleaje. Akakuta kufuli mlangoni. Akajua wametoka, akageuka aende zake, ndipo akasikia sauti kutoka ndani: "Mama, nipo!"

Hebu jiweke kwenye viatu vyake. Umemwoza mwanao siku kumi zilizopita, umelia kwa furaha mbele za watu, leo unamkuta ndani na kufuli liko nje.

"Amekufungia?"

"Hapana, mama. Amesahau."

"Amesahau nini?"

"Kwamba nipo."

Mke wangu anaapa mpaka leo kwamba hapo alikuwa akinitetea.

Mama mkwe ni mtu wa vitendo. Akauliza kama hakuna ufunguo mwingine, aupitishe kwenye nondo za dirisha, yeye afungue, yaishe. Upo! Mke wangu akaenda kuuchukua mahali salama. Hakurudi. Baada ya muda vikaanza kusikika vishindo vya droo, kisha vya kabati, kisha vya mtu anayenyanyua godoro peke yake. Mama akawa anaelekeza kutoka nje: tazama chini ya zulia, tazama kwenye mikoba, ulikuwa unafanya nini kabla hujaushika? Upekuzi uliingia saa ya pili. Nyumba iliyopangwa Jumapili ikapanguliwa yote Jumatatu.

Majirani nao walikuwa wameshajaa. Mmoja akaja na nyundo, akasema kufuli lenyewe hili ni mapigo mawili tu. Mama mkwe akamzuia.

"Acha. Aliyefunga atakuja kufungua. Nataka nimwone."

Nikamkuta amekaa kwenye kiti alicholetewa na jirani, mkoba mapajani, uso kwa mlango. Mke wangu yuko dirishani kashika nondo kwa mikono miwili, nywele zina vumbi la chini ya kitanda. Nilipokuwa napita katikati ya watu nikamsikia mtoto akimwuliza mama yake, "Yule dada alifanya nini?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Fungua."

Mikono ileile inayofunga hata nikiwa usingizini, siku hiyo haikujua kufungua. Ufunguo wa kwanza niliochomeka ulikuwa wa droo ya ofisini. Wa pili sijui hata ni wa nini, nimekuwa nao tu. Watu kimya. Wa tatu ukaingia, ukagoma, kwa sababu niliuingiza chini juu. Kufuli lilipofunguka yule wa nyundo alipiga makofi, peke yake.

Usiku nikajitetea kwa sayansi. Nikamwambia mke wangu kwamba watafiti wa University College London walishalichunguza jambo hili, na matokeo yao yalitoka mwaka 2009: tendo jipya huchukua kwa wastani siku 66 kugeuka mazoea, na kati ya mtu na mtu makadirio yao yalianzia siku 18 hadi 254. Kwa hiyo mimi si mume mbaya, ni mume wa siku ya kumi.

Akanitazama sana.

"Na wewe ni wa 18 au wa 254?"

Sikuwa na jibu. Nikajaribu kugeuza mashambulizi, nikauliza ufunguo wa akiba uko wapi hasa. Akazima taa.

(Ulikuja kuonekana mwezi uliofuata, tulipohitaji cheti cha ndoa ili nimwandikishe kwenye bima ya afya. Nilipokung'uta bahasha, ufunguo ukadondoka. Alikuwa ameuweka humo akiamini hatuwezi kupasahau.)

Kesho yake asubuhi nilikuta karatasi imebandikwa ndani ya mlango, usawa wa macho yangu, kwa herufi kubwa: TUKO WAWILI. Nasema kweli, karatasi ile ilifanya kazi. Kila nikiufikia mlango nasoma, mkono ulioanza kunyooka kwenye kufuli unarudi, nauegesha mlango, naondoka nikijisifu. Wiki mbili sikukosea hata siku moja, na mke wangu alikwisha kuanza kuwasimulia watu kwamba nafundishika.

Ikaja Alhamisi moja ambayo yeye ndiye aliyewahi kutoka, mimi bado niko bafuni. Nikavaa, nikafika mlangoni, nikasoma: TUKO WAWILI. Nikauegesha mlango vizuri, taratibu, nisimwamshe.

Saa saba mchana simu ikaita. Siku hizi napokea mlio wa kwanza, hata kikaoni.

"Baba," akasema mama mkwe, "nimewatembelea. Leo nimekuta mlango wazi na ndani hakuna mtu."

Nikakosa la kusema.

"Msiwe na haraka, nyie rudini tu taratibu. Mimi nimeingia, nimefunga kwa ndani."