Kipa mstaafu: apewe makipa tu, au timu nzima?

Hapa Lubumbashi kipa akitundika glavu, kazi yake inajulikana: atafundisha makipa wenzake. Hata Kidiaba, aliyeifikisha TP Mazembe fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia mwaka 2010 na kutuchekesha kwa kurukaruka kwa makalio, alianzia kona hiyohiyo. Ukisema kipa apewe timu nzima, watu wa Kamalondo, mtaa wa uwanja wa Mazembe, watakuuliza: anajua nini zaidi ya miti mitatu?

Swali hilo si la kipuuzi. Kipa hufanya mazoezi pembeni, na hajui kubanwa na viungo wawili huku akitafuta wa kumpa pasi. Lakini ni yeye anayetazama mechi nzima ikiwa mbele yake, na nusu ya kazi yake ni kuwapanga mabeki kwa sauti.

Mfano unaonivutia uko mbali, kwenye hoki ya barafuni (sisi barafu tunaijua ya kwenye friza). Patrick Roy, kipa wa Kanada, alitwaa Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL (ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini), mara nne, akastaafu 2003. Alifundisha kwanza vijana wa Quebec Remparts kwa miaka mingi, ndipo timu ya NHL ya Colorado Avalanche ikamchukua 2013. Msimu wa kwanza tu akawa kocha bora wa NHL.

Cha ajabu, kipa huyu alikuwa mwepesi kumtoa kipa wake. Timu ikiwa nyuma na zimebaki dakika kama tatu, lango linaachwa tupu, anaingia mshambuliaji wa sita. Makocha wengine walingoja dakika ya mwisho. Kwenye mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Minnesota, 2014, Colorado walisawazisha zikiwa zimebaki sekunde 13, wakashinda muda wa nyongeza. Nadhani aliyezoea kufungwa haogopi lango tupu.

Ila Minnesota iliwatoa katika mechi ya saba, ya mwisho kati yao, misimu miwili iliyofuata hawakufika mtoano, na 2016 Roy akajiuzulu akilalamika kwamba hana sauti ya kutosha katika maamuzi ya timu. Kwa hiyo sitasema makipa ni makocha bora. Kinachonishawishi ni ile miaka ya Quebec. Mpe kipa mstaafu timu ya vijana misimu miwili, apange kikosi, afungwe, agombane na wazazi wa wachezaji, kisha Kamalondo waulize tena swali lao.