Macho Yana Pazia

Nimekulia Pangani, na kwetu mwanamke akitaka kuoga baharini huingia na kanga yake, jua likishazama, upande ambao wanaume hawapiti. Kwa hiyo kiangazi changu cha kwanza Rostock, kaskazini mwa Ujerumani, mwenzangu wa kazini aliponialika Jumamosi twende Warnemünde, ufukwe wa mji huo, "upande wa ef-ka-ka", nilikaa siku mbili natafuta udhuru. Nilijua maana yake. Mwishowe nilikwenda, kwa sababu ni mtu aliyenipokea vizuri tangu siku ya kwanza na sikutaka kumkatalia.

FKK ni kifupisho cha Freikörperkultur, utamaduni wa mwili huru. Watu huota jua na kuogelea uchi wa mnyama, wake kwa waume, babu na mjukuu. Si mambo ya juzi: vyama vyao vya kwanza vilianza mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1954 serikali ya Ujerumani Mashariki ilijaribu kupiga marufuku kuoga uchi kwenye pwani ya Baltiki. Watu walilalamika, wakakaidi, na mwaka 1956 zikatoka kanuni za kutenga sehemu zao. Dola iliyowapeleleza raia hadi sebuleni ilishindwa mchangani! Baada ya Ujerumani mbili kuungana mwaka 1990, wageni kutoka Magharibi walipoanza kufurika huku wakitaka watu wavae, ugomvi ulikuwa mkali hadi ukapewa jina: vita vya chupi.

Ninachotaka kusema kinaanzia kwenye kibao. Ufukwe wa Warnemünde ni mpana, mchanga mweupe, nyuma yake matuta yenye majani, na vile viti vya kusuka vyenye paa, mfano wa makapu makubwa, ambavyo fundi mmoja wa Rostock alivibuni mwaka 1882. Unatembea, unakuta kibao. Huku ni kwa watu wa nguo, na ndivyo wanavyotuita kweli, "textil". Kule ni FKK. Na mji umeandika kwenye kanuni zake kwamba anayeng'ang'ania kubaki na nguo katika sehemu ya FKK anaweza kuambiwa aondoke.

Nilitandika taulo langu upande wa nguo, karibu na kibao, nikiwa na burkini yangu, vazi la kuogelea linalositiri mwili. Sikuvua na sitavua. Dini yangu na malezi yangu haviniruhusu, wala sioni kiu hiyo. Mwenzangu, mama wa miaka sitini na kitu, alivuka, akakunja nguo zake vizuri kama anayepanga kabati, akatandaza taulo kabla ya kukaa (hiyo ni sheria, hukai popote bila taulo), akatoa fumbo lake la maneno na kalamu. Jirani yake alikuwa anamenya yai. Watoto walichimba shimo. Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu kizito, na nilichoona ni watu wanapumzika.

Halafu akaja kijana amevaa kaptula na miwani ya jua, akasimama karibu na kibao, akainua simu kuelekea kule. Mwenzangu aliweka kalamu chini. Akainuka vilevile alivyo, akamwendea bila haraka, akasimama mbele yake na kumwambia aifute picha, yeye akiona. Kijana alikuwa mwekundu hadi masikioni. Hakujua atazame wapi. Aliifuta, simu ikarudi mkobani, akaondoka kwa haraka. Mama akarudi kwenye fumbo lake.

Nyumbani nimesikia mara nyingi kwamba Wazungu hawana haya, na mimi mwenyewe niliwahi kusema hivyo. Sisemi tena. Kwetu tunasema macho hayana pazia, na kwa msemo huo tunamsamehe anayekodoa. Kule macho yana pazia, na usipolishusha mwenyewe utashushiwa. Haya yao wameiweka kwenye kutazama. Sisi tumeiweka kwenye kuvaa, mzigo karibu wote akabebeshwa mwanamke, na anayemtazama tukamwachia huru. Hilo linaniuma, na nadhani tuna la kujifunza hapo bila kuvua hata ushungi.

Naitetea pwani yao kwa sababu ileile ninayotetea nguo yangu. Kiangazi cha mwaka 2016 miji kadhaa ya Ufaransa, Cannes ikiwamo, ilikataza burkini. Picha zilizunguka dunia: ufukwe wa Nice, polisi wenye silaha wamemzunguka mwanamke aliyekaa chini, naye anavua vazi lake la mikono mirefu. Pwani hiyohiyo ya Mediterania, upande wa Cap d'Agde, kuna kijiji kizima ambamo mtu hununua mkate akiwa uchi na hakuna anayemgusa. Tarehe 26 Agosti mwaka huohuo Baraza la Taifa, mahakama ya juu ya Ufaransa ya masuala ya utawala, lilisimamisha katazo la Villeneuve-Loubet, mmojawapo wa miji hiyo. Lilifanya haki. Nchi inayoweza kumtengea nafasi asiyevaa kitu haiwezi kukosa nafasi ya aliyejisitiri.

Na kwetu? Mji Mkongwe wa Zanzibar una vibao vinavyomwomba mgeni afunike mabega na magoti. Hicho nacho ni kibao, kama kile cha Warnemünde. Mgeni anayepita sokoni na chupi ya kuogelea hawezi kusema hakujua, kwa maana kwao mipaka ya namna hii anaiheshimu kwa hatua. Linalonikera zaidi ni simu. Nenda Jambiani au Paje maji yakiwa yamekupwa uwaone kina mama wa mwani, wameinama, kanga zimefungwa juu, maji magotini. Wako kazini. Mtalii anasimama umbali wa hatua kumi, anapiga picha, anaondoka, hata hujambo hakuna. Yule kijana wa Warnemünde alifutishwa picha. Hawa hawafutishwi na mtu, na wengine wetu tunaoongoza wageni ndio tunaowaonyesha pa kusimama.

Jioni ile upepo wa Baltiki ulipoanza kuuma, mwenzangu alikuja kunywa chai yangu ya tangawizi. Alisimama upande wake wa kibao, akavaa gauni, akafunga vifungo vyote, ndipo akavuka. Sikuwa nimemwomba.

Desemba anakuja nami Jambiani. Ameshaniuliza avae nini akipita kijijini, nimemnunulia doti ya kanga. Nimemfundisha salamu, na namna ya kuomba ruhusa ya picha, na kwamba wakimjibu hapana, simu irudi mkobani.