Funga ua la pilipili kabla nyuki hajaamka

Sikukuu ya Idi, mwaka juzi. Mama alikuwa amekata kachumbari ya pilau kwa hoho zilizochumwa uani kwetu hapa Tabata. Watoto walikuwa mkekani, wamezunguka sinia. Mdogo wao hakumaliza hata tonge la tatu, akaanza kulia huku ametoa ulimi nje. Tukadhani amebahatisha kipande cha pilipili. Mama akachukua hoho ileile, akaitafuna taratibu, akanitazama. "Mwanangu," akasema, "hii si mbegu yangu."

Hoho ile alikuwa ameitunzia mbegu mwenyewe. Msimu uliopita alichagua tunda nene kuliko yote, akaliacha mtini hadi likawa jekundu, akakausha mbegu kivulini, akazifunga kwenye karatasi. Miche ilipokua ilizaa matunda membamba, yamechongoka, na yanawasha.

Majirani walitoa sababu zao. Wa kwanza alisema ni maji ya kisima chetu, yana chumvi. Mwingine akasema ni jua la Januari. Bibi mmoja wa nyumba ya pili akasisitiza kuwa pilipili hufuata mkono wa aliyepanda, na mtu akipanda ana hasira zitawaka. Nawaheshimu wote, lakini sababu ilikuwa imekaa palepale uani: ndoo mbili za rangi zilizopandwa pilipili ndefu, hatua nne kutoka kwenye hoho.

Hoho na pilipili ndefu ni mmea wa aina moja. Ua la pilipili lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, kwa hiyo huweza kujichavusha lenyewe bila msaada wa yeyote, na ndiyo maana wengi huamini halichanganyiki. Lakini nyuki akitoka kwenye pilipili ndefu na chavua, ule unga wa kiume wa ua, mwilini, akatua kwenye ua la hoho lililofunguka asubuhi hiyo, kazi imekwisha. Tunda litakalotokea hapo litakuwa hoho kamili, tamu, halina dalili yoyote. Nyama ya tunda ni ya mama peke yake. Kilichochanganyika ni mbegu zilizomo ndani, na hutajua mpaka uzipande. Na kwa kuwa ukali wa pilipili hurithiwa kwa nguvu, mzazi mmoja mkali anatosha kuwasha ulimi wa mtoto.

Ndiyo maana siafiki kauli kwamba hoho ikipandwa jirani na pilipili huwa kali msimu huohuo. Haiwi. Anayepanda kwa ajili ya kula tu apande zote pamoja bila wasiwasi. Mwenye kazi ya ziada ni yule anayetaka mbegu.

Wapo waliomshauri mama apulize dawa nyuki wasifike. Hilo lilinikera, na bado linanikera. Nyuki haohao ndio wanaotupa maboga na matango, ambayo bila wao maua yake huanguka bure. Huwezi kumuua anayekulisha kwa sababu amepita mlango usioufunga. Kuzitenganisha pilipili kwa umbali nako, kwa mji huu, hakuwezekani: wataalamu hutaka mamia ya mita kati ya aina na aina, na sisi tuna viwanja vya ishirini kwa ishirini, ukuta kwa ukuta. Siwezi kumwambia jirani ang'oe pilipili zake kwa ajili ya mbegu zangu.

Kinachowezekana ni kulifunga ua. Tulitumia kitambaa cha shela, kile chepesi chenye matundu madogo kinachouzwa kwa mita Kariakoo. Kipande cha chandarua kilichochakaa nacho kinafaa, mradi hakijatoboka. Mama alishona vifuko virefu kama kiganja, mdomoni akapitisha uzi wa kufunga. Unachagua tawi lenye vitumba ambavyo bado vimefumba. Ua lolote lililokwisha kufunguka kwenye tawi hilo unaliondoa, na tunda changa pia, maana hujui nani ameshalitembelea. Unavika kifuko jioni, unafunga kwenye kikonyo bila kukaba, na kabla ya hapo unakagua majani upande wa chini. Kifuko cha kwanza tulichofunga tulifungia wadudu mafuta ndani. Hakukuwa na adui wa kuwala, wakazaliana mpaka tawi zima likajikunja. Tangu siku hiyo mama hukagua kwa miwani.

Asubuhi unatikisa tawi kidogo kwa kidole. Upepo na nyuki walikuwa wanafanya kazi hiyo, sasa umewazuia, basi uifanye wewe. Vijitunda vikishatokea, unavua kifuko na papo hapo unafunga uzi wa rangi kwenye kikonyo cha kila kijitunda. Usiahirishe hadi kesho. Bila uzi, baada ya wiki mbili utashindwa kutofautisha tunda lililofungiwa na lililozaliwa nje, na jasho lote limepotea.

Majira nayo yana neno. Tulipojaribu Januari, maua yalipukutika ndani ya vifuko. Pilipili haipendi kufunga tunda joto likizidi nyuzi 32, na usiku wa Dar wakati huo haupoi. Masika kitambaa kinaloa na ua linaoza. Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukivuma na usiku ukipoa, ndipo tulipofanikiwa.

Na usitoe mbegu kwenye mche mmoja tu hata kama ni mzuri namna gani. Mitano au sita inalinda uzao usidhoofike.

Wengi huniuliza kwa nini kuhangaika wakati paketi ya mbegu ya hoho inapatikana dukani. Kwa hoho wana haki kwa kiasi fulani. Tena paketi ikiwa ya chotara, kifuko hakitakusaidia kitu: mbegu utakazotoa zitazaa miche, kila mmoja na sura yake, hata ukiwafungia nyuki wote wa wilaya. Lakini hoho sicho kinachoniumiza.

Mama alipohama Muheza kuja mjini alikuja na pilipili mbuzi ya manjano, imefungwa kwenye ncha ya khanga. Ukiikata, harufu yake inafika sebuleni kabla ukali haujafika ulimini. Mchuzi wa nazi ukitokota, unaweka nzima bila kuipasua, unaitoa, na harufu inabaki. Hiyo haina paketi. Hakuna duka utakaloiagiza kwa jina, kwa sababu haina jina zaidi ya "ile ya kwetu". Na ukutani kwa jirani kuna pilipili kichaa, ndugu yake wa karibu, na wanachanganyika kirahisi. Kila msimu tulioacha maua wazi tulikuwa tunaipoteza kidogo kidogo, tunasema ni udongo wa Dar. Naamini nyumba nyingi hapa mjini zimepoteza mbegu za kwao hivyohivyo, wenyewe wakidhani wamezitunza.

Julai iliyopita mama alifunga matawi kumi na moja ya pilipili mbuzi. Alipata matunda kumi na tisa yenye uzi mwekundu. Aliyaacha yakaiva hadi yakaanza kunywea, akapaka mikono mafuta ya nazi kabla ya kuyapasua, akatandaza mbegu kwenye ungo kivulini mpaka zikawa zinakatika badala ya kupinda. Nusu yake imo kwenye kichupa chenye kifuniko cha kukaza, pamoja na punje za mchele mkavu za kunyonya unyevu. Nusu nyingine aliigawa: jirani wa pilipili kichaa alipewa ya kwanza, pamoja na vifuko vitatu vya shela, na juzi amekuja kuuliza kama uzi wa bluu nao unafaa.